Shahada ya mazingira Uganda: milango ya kuingilia, vyeti vya Kongo na Burundi, na unachotakiwa kumaliza

Kila matokeo ya mitihani yanapotoka, swali moja hurudi kwenye makazi ya wakimbizi: "Nina Diplôme d'État ya Kongo. Je, naweza kusoma mambo ya mazingira chuo kikuu hapa Uganda?"

Jibu fupi ni ndiyo. Mkimbizi anaruhusiwa kuomba nafasi chuo kikuu kama waombaji wengine, na masharti ya kitaaluma ni yale yale kwa mkimbizi na kwa mwenyeji. Lakini kuna hatua ambazo mwenyeji hazimhusu, na ukizikosea unaweza kupoteza mwaka mzima hata kama alama zako ni nzuri. Cheti kisicholinganishwa, jina lisilofanana kwenye karatasi mbili, au fomu iliyojazwa kwenye mlango usio wako: hayo matatu yanatosha kurudisha ombi lako nyuma.

Makala hii inaeleza hatua hizo kwa kutumia Uganda kama mfano. Mwishoni kuna maelezo mafupi kwa walioko Kenya na Tanzania.

Shahada hii ni ya nini?

Shahada ya kwanza ya mazingira hufundisha jinsi ardhi, maji, misitu, hewa na watu vinavyotegemeana, na jinsi ya kupima na kupunguza uharibifu. Utasoma ikolojia, udongo, maji, tabianchi, takwimu, kemia ya mazingira, ramani za kompyuta, sheria za mazingira, na tathmini ya athari kwa mazingira.

Kwa anayeishi Nakivale somo hili halihitaji kutafutiwa mfano wa mbali. Ziwa Nakivale ni sehemu ya mfumo wa ardhioevu wa Mburo na Nakivali, uliowekwa mwaka 2006 kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Pembeni yake maelfu ya familia, wakimbizi na wenyeji, hulima, huchota maji na kutafuta kuni. Nani anajua kupima kiasi cha udongo unaoingia ziwani? Nani anaweza kuandika ripoti inayosomwa na wilaya? Hiyo ndiyo kazi ya mtu mwenye shahada hii.

Makerere hutoa Shahada ya Sayansi ya Mazingira kupitia Chuo chake cha Sayansi za Kilimo na Mazingira. Kyambogo nayo ina shahada ya mazingira, na vyuo vingine, vya umma na vya binafsi, vina shahada za jirani kama misitu, kilimo na usimamizi wa maliasili. Kabla ya kuomba popote, hakikisha mambo mawili kwenye tovuti ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu (NCHE): kwamba chuo kinatambuliwa, na kwamba kozi yenyewe imeidhinishwa. Chuo kinaweza kuwa halali huku kozi moja ndani yake ikawa haina idhini.

Milango minne ya kuingilia

*Mlango wa kwanza: UACE (S6)*

Huu ndio mlango wa kawaida. Unahitaji angalau masomo 5 uliyofaulu kwenye UCE (S4) na ufaulu mkuu wa masomo 2 kwenye UACE, uliopatikana katika mtihani wa kikao kimoja. Ufaulu mkuu ni daraja A, B, C, D au E. Daraja O ni ufaulu mdogo na halihesabiwi kati ya hayo mawili.

Lakini kutimiza kiwango cha chini si sawa na kupata nafasi. Vyuo vya umma hupanga waombaji kwa uzito wa alama. A ni pointi 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3, E ni 2, na O ni 1. Masomo mawili ya lazima kwa kozi huzidishwa kwa 3, somo linalohusiana huzidishwa kwa 2, na masomo ya ziada, kama General Paper, huzidishwa kwa 1.

Tuseme kozi unayoomba imeweka Baiolojia na Jiografia kuwa masomo ya lazima, na Kilimo kuwa somo linalohusiana. Umepata hivi:

- Baiolojia C: 4 × 3 = 12
- Jiografia D: 3 × 3 = 9
- Kilimo E: 2 × 2 = 4
- General Paper, umefaulu: 1 × 1 = 1
- Kompyuta, umefaulu: 1 × 1 = 1

Jumla ni 27. Matokeo ya UCE huongeza sehemu ndogo juu yake. Katika vyuo vya umma mwanamke huongezewa pointi 1.5, kwa hiyo kwa matokeo hayo hayo msichana angekuwa na 28.5.

Sasa angalia upande wa pili. Mwanafunzi mwenye daraja hizo hizo, lakini katika Historia na Dini, hatapata uzito huo kwenye kozi ya mazingira, kwa sababu masomo yake hayamo kwenye orodha ya lazima. Ndiyo maana tunasema shahada hii huchaguliwa S5, si siku ya kujaza fomu. Kama mtoto wako anaingia S5 na anapenda mazingira, mchanganyiko wenye Baiolojia, Kemia, Jiografia, Kilimo au Hisabati humwachia mlango wazi. Orodha kamili ya masomo na uzito wake hutolewa na kila chuo pamoja na tangazo la nafasi. Isome kabla ya kulipa ada ya maombi.

*Mlango wa pili: stashahada*

Stashahada ni masomo ya miaka miwili hivi baada ya sekondari. Ukiwa nayo kutoka chuo kinachotambuliwa, katika fani inayohusiana na mazingira, na umefaulu vizuri, unaweza kuomba shahada. Mfano ni Chuo cha Misitu cha Nyabyeya, wilaya ya Masindi, kinachotoa vyeti na stashahada za misitu, au Chuo cha Kilimo cha Bukalasa, Luweero. Njia hii ni ndefu, lakini ina faida: ukikosa karo ya shahada, tayari una karatasi inayoweza kukupa kazi.

Angalizo kwa Wakongo na Warundi: Diplôme d'État si "diploma" kwa maana ya Uganda. Ni cheti cha kumaliza sekondari, na hulinganishwa na vyeti vya sekondari. Ukijaza fomu ya wenye stashahada kwa sababu neno "diplôme" limeandikwa kwenye cheti chako, umeingia mlango usio wako na ombi litarudi. Mwenye *graduat* ya Kongo, ile ya miaka mitatu baada ya sekondari, yuko kundi jingine: yeye ana cheti cha elimu ya juu.

*Mlango wa tatu: mtihani wa watu wazima*

Kama una miaka 25 au zaidi na huna alama za kutosha za S6, kuna mtihani maalumu wa watu wazima. Makerere huutoa kwa sehemu mbili: mtihani wa uwezo wa jumla na mtihani wa fani. Hufanyika mapema, miezi mingi kabla ya mwaka wa masomo kuanza mwezi Agosti. Mtihani ni kwa Kiingereza, kwa hiyo aliyesoma kwa Kifaransa ajipe muda wa kujiandaa. Utahitaji uthibitisho wa umri, na tarehe ya kuzaliwa kwenye kitambulisho chako cha mkimbizi ndiyo itakayotazamwa.

*Mlango wa nne: cheti cha elimu ya juu*

Ni kozi ya mwaka mmoja kwa mtu aliyekaribia kiwango lakini hakukifikia, kwa mfano mwenye ufaulu mkuu mmoja tu. Iko ya sayansi na ya sanaa. Kwa mazingira chagua ya sayansi. Hakikisha NCHE imeidhinisha kozi hiyo katika chuo hicho. Zipo kozi za "daraja" ambazo chuo huzianzisha chenyewe bila idhini, na mtu akaja kuambiwa mwaka wa mwisho kwamba msingi wake haukuwa halali.

Cheti cha nchi nyingine: nenda wapi?

- Cheti cha sekondari (Diplôme d'État ya Kongo au Burundi, cheti cha Sudan Kusini na kadhalika) hulinganishwa na Baraza la Mitihani la Taifa la Uganda, UNEB, jijini Kampala.
- Cheti cha elimu ya juu (stashahada, graduat, licence) hulinganishwa na NCHE.

UNEB itataka cheti halisi, si nakala peke yake. Kama kimeandikwa Kifaransa utahitaji tafsiri ya Kiingereza kutoka kwa mtafsiri anayetambuliwa. Mwisho wake ni barua ya ulinganisho inayoeleza cheti chako kinasimama wapi katika mfumo wa Uganda. Barua hiyo ndiyo chuo kinachoisoma. Bila barua hiyo, asilimia 68 au 75 kwenye Diplôme haimwambii afisa wa udahili kitu.

Sehemu uliyosoma nayo ina uzito. Aliyesoma Biochimie ana Baiolojia na Kemia za kuonyesha. Aliyesoma Pédagogie générale au Commerciale anaweza kukosa masomo ya sayansi yanayotakiwa. Huyo aende kwanza ofisi ya udahili na barua yake mkononi, aulize kabla hajalipa chochote. Akiambiwa masomo hayatoshi, bado ana njia mbili: cheti cha elimu ya juu upande wa sayansi, au kusoma S5 na S6 na kufanya UACE. Ni miaka miwili zaidi, na inauma, hasa kwa mtu aliyekwisha kuwa mwalimu kwao. Lakini hutoka na cheti ambacho hakuna atakayekiuliza maswali.

Kama cheti kilibaki nyumbani au kiliungua

Usikate tamaa, na usinunue cheti cha kughushi. Cheti cha kughushi kikigunduliwa hata mwaka wa tatu, unafutwa chuoni na unaweza kushtakiwa.

Andika kwanza yote unayokumbuka: jina la shule, mkoa, mwaka wa mtihani, sehemu uliyosoma na asilimia. Ndugu au mwalimu aliyebaki anaweza kuulizia shuleni au kwenye ofisi ya ukaguzi wa elimu kuhusu uthibitisho wa matokeo. Lakini kama ulikimbia kwa sababu serikali au kundi fulani linakutafuta, usiwasiliane na ofisi yoyote ya nchi yako kabla hujazungumza na afisa wa ulinzi wa UNHCR au shirika linalotoa msaada wa sheria kwenye makazi yako. Usalama wako na wa ndugu zako unatangulia cheti.

Jina moja kwenye karatasi zote

Kongo mtu huwa na jina, postnom na prénom. Siku ya kusajiliwa Uganda, karani anaweza kuandika mawili tu, kuyageuza mpangilio, au kuandika herufi alivyosikia. Matokeo yake cheti kinasema hivi, kitambulisho cha mkimbizi kinasema vile, na barua ya familia inasema kitu cha tatu.

Weka karatasi zako zote mezani leo na uzisome herufi kwa herufi. Kama kosa liko kwenye kitambulisho au barua ya familia, omba marekebisho Ofisi ya Waziri Mkuu (OPM) kwenye makazi yako. Kama tofauti ni ya mpangilio wa majina tu, uliza chuo kama kitakubali kiapo kilichosainiwa mbele ya kamishna wa viapo. Fanya hivyo kabla ya kupeleka cheti UNEB, kwa sababu jina litakaloandikwa kwenye barua ya ulinganisho litakufuata hadi kwenye shahada.

Karo na ufadhili

Nafasi zinazolipiwa na serikali ya Uganda ni za raia. Mkimbizi huomba kama mwanafunzi anayejilipia au anayelipiwa na mfadhili. Vyuo vina viwango tofauti vya karo kwa raia na kwa wageni, kwa hiyo uliza kwa maandishi: "Mimi ni mkimbizi, nitawekwa kundi gani la karo?" Tunza jibu hilo.

Ufadhili unaojulikana zaidi ni DAFI, unaosimamiwa na UNHCR tangu 1992 kwa msaada wa serikali ya Ujerumani. Kwa kawaida mwombaji awe mkimbizi anayetambuliwa, awe amemaliza sekondari na alama nzuri, asizidi miaka 28 anapoanza masomo, na asiwe na njia nyingine ya kulipia. Nafasi ni chache kuliko waombaji, kwa hiyo karatasi zilizo tayari kabla ya tangazo ni nusu ya safari.

Kuomba ufadhili ni bure. Anayekuomba pesa ili "akuingize kwenye orodha" ni mwizi, hata akiwa na kitambulisho cha shirika shingoni. Ripoti kwa simu ya bure ya malalamiko au kwa ofisi ya ulinzi.

Ukishaingia: unatakiwa kumaliza nini?

Kupokelewa ni mwanzo tu. Hivi ndivyo shahada inavyopatikana kwa utaratibu wa Makerere, na vyuo vingine hufuata mfumo unaokaribiana nao.

Krediti. Kila somo lina krediti zake. Krediti moja ni saa 15 za darasani katika muhula, na saa mbili za maabara au mazoezi huhesabiwa kama saa moja ya darasani. Kila muhula una wiki 15 za masomo na wiki 2 za mitihani. Lazima ufikishe idadi ya krediti iliyowekwa kwa kozi yako, ukiwa umefaulu masomo yote ya lazima.

Alama ya kufaulu ni 50. Kazi za muhula huchangia asilimia 30 hadi 40, na mtihani wa mwisho uliobaki. Ukifeli somo hulirudia linapofundishwa tena, na hulipiwa tena. Mfadhili anaweza kukataa kulipia marudio.

Wastani. Alama zako zote hujumlishwa kuwa wastani wenye kilele cha 5.0. Daraja la kwanza ni 4.40 na kuendelea. Daraja la pili la juu ni 3.60 hadi 4.39, la pili la chini ni 2.80 hadi 3.59, na ufaulu wa kawaida ni 2.00 hadi 2.79. Ukishuka chini ya 2.00 unawekwa chini ya uangalizi, na ukibaki humo mihula mitatu mfululizo unaondolewa.

Mazoezi ya kazi na utafiti. Utapelekwa kufanya kazi kwenye taasisi kwa wiki kadhaa, na mwaka wa mwisho utaandika ripoti ya utafiti wako mwenyewe. Hapa mkimbizi ana kitu ambacho wenzake hawana: anaijua ardhi anayoiandikia. Matumizi ya kuni kwa kaya, maji ya visima, mmomonyoko kwenye mashamba ya makazi, yote ni mada halali. Kumbuka kuomba kibali cha OPM kabla ya kukusanya taarifa ndani ya makazi.

Kazi baada ya shahada

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi. Mashirika yanayopanda miti, kusimamia maji na taka, au kusambaza majiko sanifu huhitaji watu wenye elimu hii. Kwa wenyeji kuna pia ajira za serikali za mitaa, kwa mfano afisa mazingira wa wilaya, ambazo kwa kawaida hupewa raia. Chini ya Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019, miradi mingi mikubwa hulazimika kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira, lakini kuiongoza kunahitaji usajili wa ziada juu ya shahada.

Walioko Kenya na Tanzania

*Kenya:* kiwango cha chini cha shahada ni wastani wa C+ kwenye KCSE, pamoja na alama za masomo yanayotakiwa na kozi. Utambuzi wa vyeti vya nje uko chini ya mamlaka ya sifa za kitaifa, KNQA.

*Tanzania:* aliyemaliza kidato cha sita anahitaji ufaulu mkuu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni 5 na E ni 1. Cheti cha sekondari cha nje hulinganishwa na NECTA. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kina shahada ya sayansi na usimamizi wa mazingira ya miaka mitatu.

Anza na haya wiki hii

1. Linganisha jina na tarehe ya kuzaliwa kwenye karatasi zako zote.
2. Jiulize uko mlango upi kati ya ile minne. Chagua mmoja.
3. Tafuta tafsiri ya cheti na uanze safari ya UNEB au NCHE. Usisubiri tangazo la chuo. Ulinganisho huchukua muda.
4. Soma orodha ya masomo ya kozi unayoitaka, kisha hesabu uzito wako mwenyewe.
5. Kagua kozi kwenye tovuti ya NCHE kabla ya kulipa hata shilingi moja.
6. Piga picha ya kila karatasi na uitunze mahali pawili. Mvua na moto havichagui cheti.

Kama wewe ni mzazi na mtoto wako yuko S4 sasa, hatua yako ni moja tu: zungumza naye kuhusu masomo ya S5 kabla shule haijamchagulia.